Si Virusi, Si Wewe: Historia ya Kompyuta Inayoganda

Kama ulisoma shule yenye chumba cha kompyuta huku Ukambani, hii sentensi unaijua: "Nani amegusa hii mashini?"

Kompyuta ya mezani imeganda. Mshale hausongi, saa pale kwa kona ya skrini imesimama, na kibodi unabonyeza bure tu. Kabla mtu hajafungua hata skrubu moja, mwenye makosa ashapatikana: ni wewe umefungua vitu vingi, ama ni flashi yako imeleta virusi. Fundi akija, dawa yake ni ile moja: piga fomati, weka Windows upya, lipa. Wiki mbili baadaye imeganda tena.

Mimi nasema hivi: shida ya hizi kompyuta za zamani mara nyingi ilianza kabla hazijapanda meli. Ukijua zilikotoka, utajua pia pa kuanzia kuzitengeneza.

Twende nyuma kidogo. Miaka ya mwanzo ya 2000, kompyuta mpya ilikuwa mali ya benki na ofisi kubwa Nairobi. Shule za huku kwetu zingepata wapi? Mwaka wa 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi ya kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzirekebisha na kuzipeleka shuleni. Wafanyabiashara nao wakaleta zao kupitia bandari ya Mombasa, tukaziita ex-UK hata kama hazijawahi kuona Uingereza. Ofisi za ng'ambo zilikuwa zinabadilisha mashini baada ya miaka kama mitatu au minne. Kwa hivyo iliyonunuliwa huko 2004 ingeweza kutufikia 2008 hivi. Shika hiyo hesabu, tutaihitaji.

Ukifungua lile boksi ambalo sote tunaliita CPU, utaona vimkebe vidogo vimesimama kwa mazabodi. Hizo ni kapasita. Kazi yake ni kama ya tanki la maji pale nyumbani: mfereji ukija kwa kukatakata, tanki linakupa maji bila kusumbua. Kapasita inafanya hivyo na umeme, ili prosesa ipate moto ulio sawa kila wakati. Ndani yake kuna majimaji.

Sasa, kati ya 1999 na 2007 hivi, dunia ilijaa kapasita mbovu, nyingi zikiwa zimetengenezwa Taiwan. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba fomyula ya yale majimaji iliibwa kutoka kampuni ya Japani, na walioiba wakaikosa sehemu muhimu. Majimaji yakawa yanatoa gesi, kimkebe kinavimba kichwa, kinapasuka, kinavuja. Hapo prosesa inaanza kupata umeme wa kuyumbayumba, na kompyuta inaganda bila mpangilio. Leo ukiandika barua, kesho ukiwa hujafanya chochote.

Kampuni kubwa nazo ziliumia. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005, Dell iliuza karibu OptiPlex milioni 11.8 zilizokuwa kwa hatari ya shida hii, na mwaka wa 2005 ikatenga dola milioni 300 za kushughulikia hilo balaa. Kapasita za Dell zilikuwa za Nichicon, kampuni ya Japani yenyewe, kwa hivyo usidhani ni fomyula ya wizi peke yake iliyoleta maneno.

Sehemu inayonikera ni hii. Gazeti la New York Times liliandika mwaka wa 2010, likitumia karatasi za kesi mahakamani, kwamba idara ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Texas iliona kompyuta zake zinaharibika, na Dell ikawaambia ni kwa sababu wanazifanyisha hesabu ngumu sana. Maprofesa wa hesabu! Yaani "nani amegusa hii mashini?" si ya shule zetu peke yake.

Rudi sasa kwa ile hesabu yetu. OptiPlex ni jina ambalo saiba za kitambo zilikuwa nalo sana. Mashini ya 2004 ikitoka ofisini ng'ambo, hakuna aliyebandika karatasi ya kusema kapasita zake zinaweza kuvimba. Ikifika huku inakutana na Makueni: joto, vumbi jekundu la Agosti na Septemba kabla mvua haijaja, na stima inayopanda na kushuka. Pentium 4 za miaka hiyo zilikuwa jiko tayari. Mafundi wa elektroniki wana kanuni kwamba joto likizidi digrii 10, maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu hivi. Ziba feni na vumbi, halafu lia na virusi.

Kwa hivyo anza na ndani, Windows ije mwisho. Kwanza nakili faili zako kwingine, maana diski inayokufa pia hugandisha. Zima, chomoa waya ukutani, fungua boksi. Toa vumbi kwa brashi kavu, kisha uone kama feni inazunguka ukiwasha. Zima tena, chomoa, toa RAM, sugua meno yake polepole na raba ya penseli, rudisha. Angalia vichwa vya kapasita: kikiwa bapa ni sawa, kikivimba au kikiwa na uchafu wa kahawia, hapo ndipo shida ilipo. Fundi wa redio mwenye soda na mkono mtulivu anaweza kuzibadilisha. Boksi la pawasapulai usilifungue, linashika umeme hata baada ya kuchomoa. Hayo yote yakiwa safi, sasa ndio upige fomati.

Mbona nasumbuka na vyuma vya zamani? Kwa sababu maombi ya KUCCPS, HELB na eCitizen yako mtandaoni, na kwa wengi njia ni saiba ya sokoni. Na kwa sababu kuna watu waliacha kuchagua somo la kompyuta wakiambiwa hawana mkono wa mashini, kumbe mashini ndiyo ilikuwa mgonjwa.

Na wimbi lingine linakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi za kabla ya 2017 hivi. Ofisi za ng'ambo zinazitupa, na tunajua zinapoelekea. Nyingi ni nzima kabisa, zinahitaji tu Linux. Zingine ni takataka tunayolipishwa nauli.

Kuzitofautisha ni kazi yetu. Muuzaji akikuwashia skrini inayong'aa, mwambie azime kwanza, afungue, uone ndani. Akikataa, beba pesa zako uende.