Namba Iliyotangulia Kadi

Mzaliwa wa Nyashimo mwenye umri wa kupiga kura leo alizaliwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu, Busega ikawa wilaya na Nyashimo makao yake makuu. Nyumba zilibaki palepale kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, karatasi zikabadilika.

Awali karatasi zenyewe zilikuwa chache. Mtu alitambulishwa na balozi wa nyumba kumi, au kwa barua ya mtendaji yenye mhuri. Mgambo walipofanya msako, stakabadhi ya kodi ya maendeleo ndiyo iliyomwokoa mtu, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003.

Wazo la kitambulisho cha Taifa ni la mwaka 1968. Sheria ilitungwa 1986, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ikaundwa 2008, na Rais Jakaya Kikwete akazindua kadi za kwanza Februari 2013. Ni miaka 45 ya kusubiri.

Hata hivyo, kilichowajaza watu kwenye foleni ni simu. Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na bila namba ya NIDA laini haikusajiliwa. Rais John Magufuli alisogeza mwisho wa zoezi kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020. Kwa mchuuzi wa dagaa au mkulima wa pamba anayelipwa kwa simu, kufungiwa laini ni kufungiwa riziki. Kadi zilichelewa, lakini namba iliweza kupatikana kwa kupiga *152*00#, na wengi wakaishi na namba hiyo kabla ya kuiona kadi. Kwetu kitambulisho kilianza kuingia simuni kwa mlango huo.

Kwingineko kimeingia kwa mlango mwingine: jimbo la Louisiana, Marekani, lilianza leseni ya udereva ya simuni mwaka 2018. Programu yake inaweza kuthibitisha kuwa mtu ametimiza umri bila kufichua anwani yake. Namba yetu haina staha hiyo: tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na kila anayeachiwa nakala ya kadi anabaki na tarehe hiyo. Kitambulisho cha simuni kitakachotufaa ni kile kinachojibu swali lililoulizwa tu, basi.

Kwa sasa, msomaji, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe.