Kristo katika Kuta za Murang'a

Mwaka 1959 Elimo Njau, kijana wa Kichaga aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alichora maisha ya Bwana Yesu katika kuta za kanisa jipya la Kianglikana la Fort Hall, mji ambao sasa waitwa Murang'a. Kanisa lile halikuwa kanisa kama mengine. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, nalo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilikuwa haijaondolewa. Machi mwaka ule ule wa 1959 mahabusi 11 walipigwa na walinzi hata wakafa katika kambi ya Hola. Na watu walionyongwa kwa hukumu za mahakama za serikali walikuwa wamekwisha kuzidi 1,000. Yamkini ni jamaa chache zilizoingia kanisani pale bila marehemu wa kumlilia, wala marehemu hao hawakuuawa wote na mkono mmoja.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi ile. Ukumbusho wa mashahidi ni rahisi kugeuka kuwa mashtaka juu ya waliobaki. Lakini habari zilizochorwa ni tano, zote za Injili: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Kristo ni Mwafrika, na waliomzunguka ni Waafrika, katika nchi ambayo mtu wa Murang'a aitambua kuwa yake. Mkikuyu wa siku zile hakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kukamatwa usiku kwa sababu rafiki amemtaja. Na hiyo karamu je? Kiapo nacho kilifungwa kwa kulishwa nyama ya mbuzi, watu wakawa kitu kimoja hata kufa. Meza ya Bwana, ikiwekwa mbele ya macho ya watu hao, ilikuwa yadai utii ule ule, ila bila kudai damu ya jirani.

Njau alikuwa amesoma Makerere, kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji huko mwaka 1937. Trowell, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo wa dhati, hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya. Aliwahimiza kuzichora habari za Biblia kama walivyoziona mioyoni mwao. Njau aliushika ushauri huo kuliko pengine mwalimu alivyotazamia. Baadaye alizoea kufundisha ya kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Kwake, basi, kunakili Kristo wa Kizungu kulikuwa upungufu wa imani, si wa ufundi tu.

Wako wasemao ya kwamba Kristo mweusi ni uongo wa historia, kwani Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya. Hoja hiyo ni ya haki, lakini yapasa ianzie mbali zaidi. Waitalia waliuweka Uzazi kati ya majumba na vilima vya kwao karne nyingi kabla ya Njau, na picha zilizoletwa Afrika ya Mashariki na wamisionari zilimwonyesha Mgalilaya mwenye nywele za rangi ya dhahabu, zikapokewa bila swali. Njau alifanya waliyoyafanya wao. Tofauti ni kwamba aliyafanya mahali ambapo sura ya Mzungu, kwa wakati ule, ilikuwa pia sura ya hakimu.

Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa huko Nairobi. Moto uliliteketeza mwaka 1997, pamoja na kazi nyingi zilizokusanywa humo. Zile za Murang'a hazikuwa humo, kwa maana zilikuwa ukutani mwa kanisa lao.