Liwali na Tamimu: Vyeo katika Mombasa ya Muyaka

Msomaji wa tungo za Muyaka bin Haji hana budi kutofautisha cheo na mamlaka. Liwali ni mtu anayetawala kwa niaba ya mwingine. Ukoo wa Yaarubi wa Omani ulipoanguka katika miaka ya 1740, Wamazrui wa Mombasa walikataa kumtambua Ahmad bin Said wa Busaidi. Hata hivyo hawakujiita masultani. Walibaki maliwali hadi 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji. Kinyume chao, watawala wa Trebizond, dola iliyochipuka 1204 Bizanti ilipovunjika, walijiita makaisari ilhali eneo lao lilikuwa dogo.

Kwa nini Wamazrui waliridhika na cheo kidogo? Ngome ilikuwa yao, lakini mji ulikuwa na wenyewe: Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa. Kila kundi lilikuwa na tamimu wake. Jina Changamwe, tunalolijua leo kwa mtaa wa bara, ni la mojawapo ya Tatu Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana.

Basi mtahiniwa akikuta cheo katika shairi, asiishie kueleza maana yake. Aulize pia ni nani waliokikubali.