Umekalia Dawati Gani? Historia Fupi ya Krediti Zinazopatikana kwa Mtihani

Kijana wa Nyamirambo anapoleta nyumbani habari za masomo, wazee hawamwulizi kwanza "Unajua nini?" Humwuliza "Unasoma wapi?" Jibu la swali hilo la pili ndilo linalofungua mkoba wa ada.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuja ofisini kwangu na tatizo la namna hiyo. Amezaliwa na kukulia Biryogo, na Kiswahili amekisema tangu utotoni. Chuo kimoja cha nje, kinachofundisha kwa masafa, kilikuwa tayari kumpa krediti za kozi za mwanzo za lugha iwapo angefaulu mtihani, bila kumlazimisha kukaa darasani kujifunza kusalimiana na kuhesabu. Angeokoa muda na sehemu ya ada. Lakini mjomba wake, ambaye ndiye mlipaji, alikataa katakata. "Mwanangu," alimwambia, "cheti cha saa mbili ni cheti gani? Wenzako wamekalia dawati miaka mitatu."

Makala haya yanajaribu kumjibu mjomba huyo kwa historia. Hatusemi kwamba ni mjinga, kwani shaka yake ina asili yake, na asiyeielewa asili hiyo hawezi kumshawishi.

Shaka ya wazee imetoka wapi?

Katika nchi hii dawati halikuwa kitu cha kawaida. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na shule ya sekondari iliyosifika kuliko zote, Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, ilikuwa na nafasi za wachache tu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilipofunguliwa hukohuko Butare mwezi Novemba 1963, kilianza na wanafunzi 51. Hebu tafakari: nchi nzima, wanafunzi 51! Baadaye, hadi mwaka 1994, nafasi za shule ziligawanywa kwa viwango vya kabila na mkoa, hata mtoto mwenye akili akabaki nje kwa sababu isiyohusiana na akili yake. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, chuo kikuu kilifunguliwa tena mwezi Aprili 1995, na wengi walirudi darasani wakiwa watu wazima.

Mzee aliyeyapitia hayo anaona dawati kuwa ndilo elimu yenyewe. Kulipata ulikuwa ushindi, na kulikosa ilikuwa dhuluma. Leo kijana akimwambia kwamba dawati si la lazima, yeye husikia mambo mawili: ama kijana anatupa kile ambacho wazee walinyimwa, ama ametapeliwa. Na utapeli upo. Vyeti vya kununua vimewaponza watu wengi, ndani na nje ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mjomba ana haki ya kuuliza. Sisi tunamwomba tu abadili swali lake kidogo.

Ijaza kabla ya shahada

Tuanze karibu na nyumbani. Katika vyuo vya Kurani na darasa za misikitini kwenye pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, mwanafunzi hakuhesabiwa elimu yake kwa miaka. Alikisoma kitabu mbele ya shekhe, akahojiwa, na shekhe aliporidhika alimpa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu kile. Hadi leo aliyehifadhi Kurani huthibitishwa kwa kuisoma mbele ya wanaoijua. Huko Biryogo hakuna anayemwuliza hafidhi alikaa chuoni miezi mingapi. Watu husikiliza kisomo chake. Akikosea, miaka kumi haitamsaidia. Akipatia, miaka miwili haimpunguzii heshima.

Mjomba wa mwanafunzi wangu anayajua haya vizuri. Hajawahi tu kuyahusisha na chuo kikuu.

London, mwaka 1858

Sasa tuvuke bahari. Chuo Kikuu cha London kilipewa hati yake mwaka 1836. Wakati huo chenyewe hakikuwa na madarasa. Kazi yake ilikuwa kuwatahini wanafunzi waliofundishwa katika vyuo vingine na kuwapa shahada. Mwaka 1858 hati mpya iliufungua mlango zaidi: isipokuwa kwa udaktari wa tiba, mtu aliruhusiwa kuja kutahiniwa bila kuulizwa amesomea wapi. Huo ndio mwanzo wa shahada za watahiniwa wa nje. Mwaka 1865 mitihani hiyo ilifanyika ng'ambo kwa mara ya kwanza, katika kisiwa cha Mauritius, humu humu katika Bahari yetu ya Hindi.

Afrika Kusini ilifuata mfano huo. Chuo Kikuu cha Rasi ya Tumaini Jema, kilichoanzishwa mwaka 1873, kilikuwa chombo cha kutahini. Mwaka 1916 kikawa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, maarufu kwa jina la UNISA, na kuanzia mwaka 1946 kikafundisha kwa njia ya posta. Nelson Mandela, aliyefukuzwa Fort Hare kabla ya kuhitimu, alipata B.A. yake kupitia UNISA mwanzoni mwa miaka ya 1940. Shahada yake ya sheria aliipata kupitia chuo hichohicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Je, yuko mzee wa Kigali atakayesema kwamba shahada ya Mandela ni ya uongo kwa sababu hakukalia dawati?

Hapa msomaji atambue jambo moja kubwa. Mtihani ulio wazi kwa kila mtu uliwafaa zaidi wale waliofungiwa milango: maskini mwenye kazi mchana, mkazi wa koloni la mbali, mfungwa. Haukuwa njia ya mkato ya wavivu.

Afrika Mashariki yetu

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, na wahitimu wake wa kwanza wa shahada, mwaka 1953, walipewa shahada za London. Ni kweli kwamba wao walifundishwa darasani Kampala, tena vizuri. Hata hivyo, walimu wao hawakuwa na mamlaka ya kutoa shahada peke yao. London ilibaki na sauti katika mitaala na mitihani. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilianza hivyo mwezi Oktoba 1961. Utaratibu huo ulikwisha pole pole baada ya kuundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wasomi wetu, wale ambao wazee huwataja kwa fahari, walibeba vyeti vilivyoaminiwa kwa sababu anayefundisha na anayethibitisha hawakuwa mtu mmoja.

Kiswahili nacho kina kisa chake. Maofisa wa Kiingereza katika Tanganyika na Kenya walitakiwa kufaulu mitihani ya serikali ya Kiswahili, ya chini na ya juu. Wengi walijifunza lugha vituoni, kazini na kwa watu waliowazunguka. Serikali haikuwauliza walikalia dawati gani. Iliwauliza kama wanaweza kusikiliza shauri, kuandika barua na kufasiri. Ikiwa mgeni alithibitishwa kwa mtihani katika lugha yetu, kwa nini mwenye lugha mwenyewe asithibitishwe hivyo?

Baada ya uhuru utaratibu huo uliendelea kwa sura nyingine. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina watahiniwa wa kujitegemea, na lina Mtihani wa Maarifa unaompa nafasi mtu ambaye hakupitia sekondari kwa kawaida ili ajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne. Hapa Rwanda tunao "abakandida bigenga", na cheti wanachokipata hakina aibu yoyote.

Saa za darasani zilianzaje kuhesabiwa?

Labda mjomba atasema: "Lakini krediti ni saa za darasani." Hapa historia ina kichekesho chake. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa Marekani wapate pensheni. Wasimamizi wa mfuko huo walihitaji kujua ni chuo gani cha kweli na ni kipi cha jina tu. Wakaweka sharti kwamba vyuo vipokee wanafunzi waliotimiza idadi maalumu ya saa za masomo katika sekondari. Kipimo hicho kilienea haraka kwa sababu vyuo vilitaka pensheni, na kutoka hapo hesabu ya saa ikaingia hata katika masomo ya vyuo vikuu. Hivyo saa za kukaa darasani zilipata enzi yake kwa sababu za uendeshaji. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba kukaa ndiko kujua.

Marekani yenyewe ilikuja kuliona pengo hilo. Mwaka 1967 ulianzishwa mpango wa mitihani wa CLEP, unaomwezesha mtu kupata krediti za kozi za mwanzo kwa kufaulu mtihani, katika vyuo vinavyoukubali. Hata mfumo wa krediti ulioingia katika vyuo vikuu vya Rwanda katika miaka ya 2000 ulihesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo saa za mwanafunzi kusoma peke yake, maktabani au nyumbani.

Kigali haiko nyuma. Mwaka 2013 programu ya Kepler ilianza hapa mjini na wanafunzi 50, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani. Walihudhuria masomo, lakini shahada yao haikutolewa kwa kuhesabu saa. Mwanafunzi alitakiwa kuonyesha umahiri mmoja baada ya mwingine kupitia kazi zilizosahihishwa, na kwa shahada ya awali umahiri huo ulikuwa 120. Asiyeutimiza alirudia. Aidha, katika miaka ya 2010 mafundi waliojifunza ujenzi kazini walianza kupimwa na kupewa vyeti bila kupita shule ya ufundi. Mzee anayemwamini fundi huyo amjengee nyumba amekwisha kuikubali hoja yetu.

Mtihani una mipaka yake

Hata hivyo tusimdanganye mjomba. London ya mwaka 1858 iliuacha udaktari nje, na ilikuwa na sababu. Hatutaki daktari aliyejifunza upasuaji kwa kusoma peke yake, wala mwalimu ambaye hajawahi kusimama mbele ya wanafunzi. Mazoezi ya kufundisha hayana mtihani wa kuyafidia.

Hali kadhalika katika lugha. Tangu Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini, madarasani mwetu wanakutana anayekisikia kwa mara ya kwanza na aliyekulia Biryogo, Bukavu au Kigoma. Kumweka huyu wa pili katika somo la "Hujambo, sijambo" ni kupoteza muda wake na wetu. Lakini kusema si kila kitu. Mwanafunzi wangu alizungumza kwa ufasaha, ila nilipompa aya ya kusahihisha, upatanisho wa ngeli ulimtoa jasho. Mtihani mzuri ungempa krediti za mazungumzo na kumrudisha darasani kwa sarufi. Hiyo ndiyo haki kwake na kwa wenzake. Mtihani unaompitisha kila mtu ndio utakaowathibitisha wazee katika shaka yao.

Tuwaambie nini wazee?

Nilimshauri mwanafunzi yule asibishane na mjomba wake. Badala yake amwendee na majibu ya maswali matatu: Nani anatahini? Anatahini vipi, na nani anahakikisha kwamba aliyeketi ni mtahiniwa mwenyewe? Nani atakitambua cheti? Swali la tatu ndilo zito. Shahada ya nje itahitaji kulinganishwa na Baraza la Elimu ya Juu hapa Rwanda, kwa hiyo chuo kiulizwe kwa maandishi, na Baraza liulizwe, kabla ya kulipa hata faranga moja. Kukosa kuuliza ndiko kunakozaa vilio.

Alirudi baada ya wiki mbili. Mjomba hakuwa amekubali moja kwa moja. Alikuwa amesema, "Lete hayo majibu yaliyoandikwa, niyaone." Baada ya kuyasoma alilipa ada ya mtihani mmoja tu, aone kwanza. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara: mzee naye aliamua kutahini kabla ya kuthibitisha.

Kwa sisi walimu kazi imebaki. Tukiandaa mitihani ya kupimia umahiri wa Kiswahili, iwe migumu kiasi cha haki, ipime kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, na isimamiwe bila upendeleo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krediti zetu zikiwa chema, hatutahitaji kuwabembeleza wazee wa Nyamirambo.