Kisa cha Sargh na Chanjo za Watoto Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

 

Mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia) Sayyidna Umar bin al-Khattab (Radhiya Llahu anhu) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh alipokewa na makamanda wa majeshi, wakampa habari kwamba tauni imezuka huko. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah akamuuliza: je, anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kuwa anaitoka qadari moja na kuingia nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmja una malisho na wa pili ni mkavu. Popote atakapolisha, ni kwa qadari. Ndipo akaja Abdulrahman bin Awf na hadithi ya Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kuitoka kwa kuikimbia. Abu Ubayda alibaki Sham, na tauni hiyo, iitwayo ya Amwas, ndiyo iliyomfisha.

Ilipoenea korona mwaka 2020 kisa hiki kilitajwa sana. Walikuwapo wazazi waliokishika kuwa hoja ya kutowapeleka watoto kliniki: ikiwa Umar alirejea, vipi sisi tumbebe mtoto mchanga tumpeleke penye msongamano wa wagonjwa? Hoja hii ina sura ya fiqhi, basi na ijibiwe kwa fiqhi.

Umar mbele yake alikuwa na hatari, na nyuma yake usalama. Mzazi wa mwaka 2020 alikuwa na madhara pande zote mbili, na hapo mafakihi husema huchukuliwa dhara lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Lipi jepesi? Hilo huulizwa wajuzi wa fani yake. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walikadiria mwaka huo huo kwamba barani Afrika, kwa kila kifo kimoja cha korona ambacho kingeletwa na safari za kliniki, chanjo zikiendelea zingeokoa watoto 84.

Na wala hatukuhitaji makadirio peke yake, kwani majirani zetu wa Kongo walikwisha kuyaona. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikaenea hadi Ituri, na hadi Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Dunia nzima iliitazama. Katika miaka hiyo hiyo surua ilizunguka Kongo yote, ikaua watoto zaidi ya 7,000, na ni wachache waliokuwa wakiizungumza! Maradhi yenye jina kubwa yalichukua macho ya watu. Yaliyozoeleka yakachukua watoto.

Kisha ikaja korona. Kwa hesabu ya WHO na UNICEF ya Julai 2021, watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi mwaka 2020, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia.

Wengine husema: tungoje tu, miezi michache si kitu. Lakini tarehe za kadi hazikuwekwa ovyo. Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyoirithi kwa mama yake, nayo hupungua kidogo kidogo. Ndiyo maana kwetu Tanzania na Kenya dozi ya kwanza huwa miezi 9 na ya pili miezi 18. Anayecheleweshwa hubaki bila ngao ya mama wala ya chanjo, na mgonjwa mmoja wa surua aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Mlango uliofungwa kwa ajili ya korona haumzuii jirani mwenye surua aliyemo nyumba hiyo hiyo.

Mwenye ngamia wa Sayyidna Umar hakuambiwa akae bondeni angoje. Na mzazi ambaye tarehe zimempita asione haya kurudi na kadi yake: kwa kawaida mtoto haanzishwi upya, huendelezwa pale alipoishia.