Saketi ya kubadili msimbo wa jozi kuwa msimbo wa Gray

Saketi hii ya kidijiti hupokea namba ya mfumo wa jozi, inayoandikwa kwa tarakimu 0 na 1, na kuitoa katika msimbo wa Gray, ambamo namba mbili zinazofuatana hutofautiana kwa biti moja tu. Msimbo huo umeitwa kwa jina la Frank Gray, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, aliyeueleza katika hataza aliyoiomba mwaka 1947 na kupewa mwaka 1953.

Faida ya msimbo huu huonekana kwenye diski inayopima mzunguko wa mhimili. Katika mfumo wa jozi, kutoka 7 (0111) hadi 8 (1000) biti zote nne hubadilika. Vihisi vya diski haviwezi kugeuka kwa pamoja kabisa, hivyo kwa kitambo kidogo huweza kusoma 1111, yaani 15. Katika msimbo wa Gray, 7 ni 0100 na 8 ni 1100. Kipimo huwa 7 au 8, basi.

Usanifu wa saketi ya biti nne huanza na jedwali la ukweli lenye safu mlalo 16. Biti zinazoingia huitwa B3 hadi B0, na zinazotoka G3 hadi G0. Kila safu wima ya G huhamishiwa kwenye ramani ya Karnaugh, na milinganyo hii hupatikana:

G3 = B3
G2 = B3 ⊕ B2
G1 = B2 ⊕ B1
G0 = B1 ⊕ B0

Alama ⊕ ni geti la XOR, linalotoa 1 pale tu biti zake mbili zinapotofautiana. Kwa mfano, 6 (0110) huwa 0101. Mageti matatu yanatosha, na chipu moja ya 7486 inayo manne.

Kurudisha Gray kwenye jozi kunahitaji pia mageti matatu, lakini yakiwa mnyororo:

B3 = G3
B2 = B3 ⊕ G2
B1 = B2 ⊕ G1
B0 = B1 ⊕ G0

Kila geti husubiri jibu la lililotangulia. Kwa hiyo, wakati saketi ya kwanza huchelewa kwa muda wa geti moja bila kujali wingi wa biti, ucheleweshaji wa hii ya pili huongezeka kwa kila biti inayoongezwa.