Mashine Iliyofundishwa Kuusikiliza Udongo

Mjomba wangu wa Mongbwalu, huko Ituri, aliuza ng'ombe wawili akanunua mashine ya kutafutia dhahabu. Kwetu Kilo dhahabu iligunduliwa 1903 na mpaka leo wengi huiosha kwa karai, kwa hiyo mashine ile ilivuta watu. Mjomba akazungusha kila kitufe hadi mwisho, akaingia kwenye udongo mwekundu. Ikalia kila hatua. Tulichimba mashimo kumi na moja tukapata msumari. Jembe nililishika mimi, na ndiyo maana nimechagua mada hii.

Kosa la mjomba lina historia ndefu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akaleta kifaa cha kuitafuta mwilini. Daktari alimruhusu apime upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Tena mgonjwa alilala juu ya springi za chuma. Kifaa kilisikia, lakini hakikujua kuchagua.

Tatizo hilohilo liliwasumbua watafutaji wa Victoria, Australia, ambako mawe yamejaa chuma. Mwaka 1980 Kevin Hillier alipata huko Kingower kipande cha dhahabu cha zaidi ya kilo 27, karibu na uso wa ardhi. Ya chini zaidi ilifichwa na kelele za udongo. Mabadiliko yalikuja 1995, kampuni ya Minelab ilipotoa SD2000, kazi ya Bruce Candy. Mashine hiyo hupeleka mpigo wa umeme kwenye koili, huukata ghafla, kisha husubiri sehemu ndogo mno ya sekunde ndipo isikilize mwangwi wa metali. Mapigo yake yana urefu tofauti, na kwa kuyalinganisha huondoa sauti ya udongo. Mashamba yaliyochimbwa tangu 1851 yakaanza kutoa tena.

Waandishi wengi husifu nguvu ya mashine hizi. Mimi naona nguvu ndiyo sehemu ndogo. Mwangwi wa punje ndogo hufifia haraka, hivyo ukisubiri sana unaikosa; ukisikiliza mapema mno, udongo unakuzibia masikio. Kila mpangilio ni mapatano kati ya hayo mawili. Kwanza mtu huinua na kushusha koili juu ya ardhi isiyo na kitu mpaka mashine inyamaze. Kisha hupandisha usikivu kidogo kidogo, na sauti ikianza kuyumba anarudi nyuma.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba haya yote. Mashine alikwisha kuiuza kwa nusu ya bei. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama chuoni tunafundishwa pia namna ya kurudisha ng'ombe.